Mbio za Mkomani hadi Shela: nitaongezaje umbali bila kuumia?

SWALI: Assalaam alaykum, kocha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 37, nakaa Mkomani, Lamu. Miezi minne iliyopita daktari aliniambia sukari yangu imeanza kupanda kidogo, hakunipa dawa, akaniambia nitembee. Kutembea kukawa kukimbia. Mwanzo nguzo tatu za umeme zilinimaliza pumzi. Sasa mara tatu kwa wiki natoka baada ya sala ya alfajiri, nafika Shela na kurudi, kilomita 6 hivi, kwa dakika 48. Ajabu ni kwamba nimeanza kupenda. Siku nikikosa najihisi kama nimesahau kitu nyumbani. Sasa nataka kuipita Shela, niufuate ule mchanga mrefu, na Mungu akijaalia siku moja nikimbie kilomita 21. Lakini kila nikijaribu kuongeza, mashavu ya miguu yanakaza siku mbili. Mume wangu asema mchanga utaniharibu magoti. Rafiki yangu aliye Nairobi amenitumia ratiba inayotaka nikimbie siku tano kwa wiki. Nifanyeje, nisiumie na nisiipoteze raha hii?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si hizo kilomita 21, ni hayo maneno "nimeanza kupenda". Wengi wanaonijia hapa Malindi huja na tarehe ya mashindano mkononi na kinyongo cha mazoezi moyoni. Wewe umekuja na raha kwanza, umbali baadaye. Hiyo raha ishike kama kipimo. Wiki ambayo utajikuta unaiogopa asubuhi ya mbio, ujue kuna mahali umeongeza kuliko mwili ulivyokubali, hata kama ratiba ya Nairobi yasema uko nyuma.

Nianze na bwana nyumbani, maana hofu yake ni ya mapenzi na haifai kupuuzwa. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi kuhusu mbio na kulika kwa viungo vya goti na nyonga. Waliokimbia kwa ajili ya afya na starehe, walioonekana na tatizo hilo walikuwa kama 3.5 katika kila 100. Wasiokimbia kabisa walikuwa 10.2. Waliokuwa juu kabisa ni wakimbiaji wa mashindano, 13.3. Sasa usimsomee namba hizi kwa sauti ya ushindi, kwa sababu hazithibitishi kwamba mbio ndizo zilizowalinda. Huenda wenye magoti mabovu waliacha kukimbia mapema, na wengi wasiokimbia ni wazito. Ila linaloonekana ni kwamba mbio za kadiri yako si jiwe la kusaga magoti. Mwambie hivyo, halafu mwalike atembee nawe hadi Shela Ijumaa moja. Nimeona waume wengi wakibadilisha maoni kwa njia hiyo kuliko kwa takwimu.

Kinachokuuma ni mashavu ya miguu, na sababu yake iko chini ya nyayo zako. Mchanga laini hauurudishi mguu. Kwenye ardhi ngumu, kano ya kisigino hujivuta kama mpira na kukurusha mbele. Mchangani kisigino huzama, ile nguvu inapotea ardhini, na shavu la mguu linalazimika kuizalisha upya kila hatua. Watafiti wa Ubelgiji walipima jambo hili mwaka 1998 wakakuta kukimbia kwenye mchanga kunagharimu nguvu kama mara 1.6 ya kukimbia kwenye sehemu ngumu. Yaani kilomita zako 2 za mchanga laini mwili unazihesabu kama 3 na zaidi. Ulidhani umeongeza kidogo, kumbe umeongeza zaidi ya mara moja na nusu ya hapo.

Hapo ndipo penye kiini cha jibu langu. Mapafu na moyo huwahi; kano na mifupa huchelewa. Ndani ya wiki chache pumzi hupanuka, ndiyo maana zile nguzo tatu leo unazicheka. Lakini kano hupata damu kidogo na hujijenga kwa miezi. Mfupa nao, ukichokozwa na kazi mpya, kwanza huiondoa sehemu iliyochoka ndipo ujenge nyingine mahali pake, na katikati kuna wiki kadhaa ambazo mfupa ni dhaifu kidogo kuliko ulivyoanza. Wewe uko kwenye mwezi wa nne. Pumzi inakuambia twende, miguu bado iko njiani inakuja. Nasema haya kwa uchungu, kwani mimi mwenyewe katika ujana wangu niliruka kutoka kilomita 8 hadi 16 ndani ya wiki tatu, kwa sababu tu nilijisikia vizuri, na nikakaa miezi miwili nikiuguza muundi. Hakuna aliyenisukuma. Ni pumzi ilinidanganya.

Kwa hiyo, polepole. Najua umechoka kusikia neno hilo, basi nilitie maana. Siku ya mbio ndefu, kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata, kama unavyomweleza mwanafunzi hesabu ya kugawanya. Ukibaki na maneno mawili mawili, umezidisha. Kwako leo huenda mwendo huo ni dakika 8 na nusu kwa kilomita, au 9. Usione haya. Watu hudhani wakimbiaji wetu wa Iten, kule juu mita 2,400, hukimbia kasi kila siku ya Mungu. Niliwahi kupanda kule na kujiunga nyuma ya kundi asubuhi ya mbio nyepesi. Dakika za mwanzo waliburuta miguu kama wazee waendao sokoni, hata mimi niliwaweza. (Baada ya hapo waliniacha, na hadithi nyingine haina faida kusimuliwa.)

Na kutembea kunaruhusiwa. Kimbia dakika nne au tano, tembea moja, tangu mwanzo wa safari na si baada ya kuchoka. Dakika hiyo moja huipumzisha kano, na mwisho wa saa utakuwa umekwenda mbali kuliko ungejikaza.

Ratiba ya rafiki yako ya siku tano iweke kando. Si mbaya, ila iliandikwa kwa mtu mwingine, kwa barabara ya lami na hewa ya baridi. Baki na siku zako tatu. Mbili ziwe za dakika 35 hadi 45, fupi na nyepesi, bila mchanga laini. Ya tatu ndiyo mbio ndefu, na hiyo pekee ndiyo inayokua. Ipime kwa dakika, si kwa kilomita, maana kilomita ya Usita wa Pwani, ile njia ya mji mbele ya bahari, na kilomita ya mchanga wa Shela si ndugu wa baba mmoja. Leo unaweza dakika 48. Wiki ijayo 55, kisha 60, kisha 65. Wiki ya nne rudi 50 upumzike. Halafu 70, 75, 80, urudi 60. Halafu 85, 95, 100, urudi 70. Kisha 110, na wiki ya 14 saa mbili kamili. Kwa mwendo wako hapo utakuwa unagusa kilomita 13 au 14, na zile 21 zitakuwa zimebakiza miezi miwili hivi ya kuendelea vilevile. Kwa dakika 8 kila kilomita, 21 ni karibu saa 2 na dakika 50. Ni muda mrefu kuwa barabarani, ndiyo maana nataka ujifunze kukaa na muda kabla ya kukaa na umbali.

Utasikia pia kanuni ya kwamba usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliijaribu kwa wakimbiaji wapya 532, matokeo yakatoka 2008: kundi moja liliongeza kwa kufuata hiyo asilimia 10 kwa wiki 13, jingine likaenda kwa kasi zaidi kwa wiki 8. Walioumia walikuwa kama mmoja kati ya watano, huku na huku. Namba yenyewe haina uchawi. Hata zangu hapo juu hazina. Wiki ambayo mtoto alikuwa na homa na hukulala, rudia ya wiki iliyopita, wala usinipigie simu kuomba ruhusa.

Sasa mchanga wenyewe, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo, na sikulaumu. Karibu kilomita 12 za ufuo bila gari, bila pikipiki, bila hata punda wa kukupisha kama kule mjini. Nyinyi wa Lamu hamhitaji mtu wa Malindi kuwafunza habari za maji, lakini nimeona hata mtoto wa baharia akivaa raba huisahau bahari. Mkimbiaji wa ufukweni hupanga mbio zake kwa mwezi, si kwa Jumamosi.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu siku hizo maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Wewe ukitoka saa kumi na mbili asubuhi, maji yanapwa lakini yangali juu, na kilichobaki cha kukanyaga ni ule mchanga laini wa karibu na vilima. Nadhani ndizo siku ulizoumia. Pale kabla ya Shela nako maji huwa yamelamba njia, unaruka ukuta ama unalowa. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo hugeuka: alfajiri maji yamepwa. Hayaendi mbali, lakini yanakuachia ukanda wa mchanga uliolowa na kushindiliwa, mgumu kama sakafu ya udongo. Na kwa kuwa maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku, asubuhi zako bora kabisa ni mbili tatu baada ya maji mafu, yanapofika chini kabisa karibu saa kumi na mbili na nusu. Ukiwa na shaka, muulize mvuvi yeyote gatini. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza.

Basi mbio ndefu zinazoangukia siku za bamvua, zikimbilie upande wa mji, ukienda na kurudi mbele ya bahari, hata kama ni mara tatu na watu wa barazani wataanza kukuhesabia. Zinazoangukia maji mazuri, ipite Shela. Mara ya kwanza kaa mchangani dakika 10 tu za kwenda na 10 za kurudi, hata kama ni mgumu. Baada ya kila mbio mbili tatu ongeza dakika tano. Ufuo una mteremko kuelekea majini, mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenzake na nyonga huinama. Kurudi kwa njia ileile husawazisha, ila ukihisi nje ya goti pakichoma, panda sehemu iliyo bapa. Kusi likikaza, miezi ya Julai na Agosti, anza safari ukiwa umeukabili upepo ili ukusukume ukirudi ukiwa umechoka. Vilima vya mchanga viache. Si kwa ajili ya miguu yako tu: maji matamu ya visima vya Lamu yanahifadhiwa chini ya vile vilima, na zile nyasi ndizo zinazovishika.

Pekupeku? Mchanga uliolowa na kushindiliwa, dakika tano mwishoni mwa mbio, ni dawa ya nyayo. Saa nzima ni ugonjwa. Kisigino kilichozoea raba kikishushwa chini ghafla, kano huvutwa kuliko ilivyozoea, na wewe tayari una mashavu yanayolalamika. Tena kuna vioo na makombe.

Kuhusu viatu sitasema mengi, kwa kuwa najua wengi wetu tunanunua mtumba na sioni kosa. Ukikiokota kiatu sokoni, kiweke mezani ukitazame kutoka nyuma: kikiegemea upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikimaliza na anakurithisha mwendo wake. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na yenye mikunjo mingi, imekufa. Kipime jioni, mguu ukiwa umevimba, na kibakishe nafasi ya kidole gumba kimoja mbele, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi kabla ya Ramadhani.

Kwa hayo mashavu, dawa iko kwenye ngazi ya nyumba yako. Simama kwenye kidato kwa vidole, visigino vikiwa hewani, panda juu na ushuke taratibu, mara 15, pumzika, mara tatu. Siku mbili kwa wiki. Ukiweza bila shida, fanya kwa mguu mmoja. Kukaza kwa siku mbili kote kuwili, miguu ya kushoto na kulia sawasawa, ni misuli inajifunza. Maumivu ya nukta moja juu ya mfupa, unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole, au yanayokufanya uchechemee, hayo si ya kuvumilia: simama wiki moja, na yakibaki nenda hospitali. Kifua kubana au kizunguzungu, nenda siku hiyohiyo.

Joto sasa. Tuna bahati ya hewa iliyojaa oksijeni kuliko milimani, lakini tunailipia. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa yetu imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linatiririka tu na kudondoka bila kazi. Mwezi wa pili na wa tatu, kaskazi likilegea kabla ya mvua, mwendo wako utapungua kwa juhudi ileile, na moyo utadunda zaidi. Ndivyo inavyotakiwa. Mwili huchukua siku 10 hadi 14 kuzoea joto jipya. Hijabu ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na suruali pana vinatosha. Pamba nzito ikilowa hukwaruza, na paka mafuta ya nazi au vaselini kwapani na katikati ya mapaja kabla ya mbio ndefu. Utanishukuru ukifika bafuni.

Maji kunywa kwa kiu. Wengi hudhani kuzidisha ni usalama. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 waliofika mwisho, na asilimia 13 yao chumvi ya damu ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa hadi wakaongezeka uzito njiani. Wakimbiaji wa polepole, kama mimi na wewe, ndio wenye muda mrefu wa kunywa. Mbio zikiwa chini ya saa moja, kunywa ukirudi. Zikizidi, chupa ndogo mkononi, mafunda machache kila ukisikia kiu. Dafu ni zuri sana baada ya mbio, ila lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho letu hutoa chumvi. Litie chembe ya chumvi, au kula kitu cha chumvi pembeni.

Chakula hakina siri kubwa. Kabla ya mbio fupi, kahawa tungu inatosha. Kabla ya ndefu, hamri moja na chai. Zikifika dakika 90 na kuendelea, akiba ya wanga misulini huanza kupungua, na hapo mwili unataka gramu 30 na zaidi kwa saa. Tende tano au sita ndogo, ukizila moja moja, zinatosha. Halwa usijaribu. Sukari inayo, lakini na samli inayo, na tumbo litakukumbusha ukiwa mbali na nyumba yoyote. Kwa sukari yako ya damu, tende zinazoliwa miguu ikiwa kazini huchomwa na misuli moja kwa moja, si sawa na kuzila ukiwa kwenye kochi. Hata hivyo, siku daktari akikuandikia dawa ya sukari, mwambie kwanza habari ya mbio ndefu, maana baadhi ya dawa hizo pamoja na mbio hushusha sukari kuliko inavyotakiwa.

Ramadhani ikiingia katikati ya hizi wiki 14, usiongeze chochote. Dakika 30 nyepesi kabla ya futari, au baada ya tarawehe, kisha uendelee pale ulipoachia baada ya Idi.

Jambo la mwisho ni dogo lakini nalisisitiza kuliko viatu. Kila ukiipita Shela, weka nauli ya boti ndani ya mfuko wa plastiki, uifunge vizuri, uitie mfukoni. Shavu likikaza, maji yakijaa kabla ya hesabu yako, au ukichoka tu, rudi taratibu hadi gatini Shela, kaa na abiria wengine, uje Mkomani kwa bahari. Mimi hapa nikielekea Mambrui nikazidiwa hurudi kwa matatu, na makondakta wameshanizoea.